Maswali ya Wasomaji: Dini na Watu wa Blackburn, Kaskazini mwa Uingereza

Katika toleo lililopita tulitaja kwa ufupi kwamba wauguzi kadhaa wa Afrika Mashariki wameajiriwa katika hospitali za kaunti ya Lancashire. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe, na nyingi zinauliza habari za mji mmoja, Blackburn. Tumechagua sita, nasi tumezijibu kwa urefu unaotofautiana kadiri swali lilivyotaka.

Mhariri, assalaam aleikum. Binti yangu ni muuguzi na amepata kazi Blackburn. Tangu habari ienee, kila mtu ana lake. Shemeji yangu anasema nusu ya mji ule ni Waislamu na adhana inasikika kila kona. Jirani yangu, mama wa Kimeru, anasema Uingereza hakuna tena dini na makanisa yamegeuzwa maghala. Katika kundi letu la WhatsApp mtu ametuma tarakimu ambazo sijui kazitoa wapi. Naomba unieleze: watu wa mji ule ni akina nani, na wanaabudu nini? — Mama wa Watatu, Kisauni, Mombasa

Waaleikum salaam, mama, na hongera kwa binti. Tuanze na tarakimu, kwa kuwa ndizo zilizoleta mabishano. Sensa ya mwisho ya Uingereza na Wales ilifanyika tarehe 21 Machi 2021. Wilaya iitwayo Blackburn with Darwen ilikuwa na wakazi wapatao 154,800, na asilimia 35 kati yao walijiandika Waislamu, kutoka asilimia 27 mwaka 2011. Nje ya London hakuna wilaya iliyokuwa na fungu kubwa zaidi ya hilo, na ndani ya London ni moja tu, Tower Hamlets, iliyoipita. Wakristo walikuwa takriban asilimia 38, ilhali miaka kumi nyuma walikuwa zaidi ya nusu. Waliobaki wengi wao, kama mtu mmoja katika kila watano, walisema hawana dini. Uzilinganishe na za Uingereza na Wales kwa jumla: Wakristo asilimia 46.2, wasio na dini asilimia 37.2, Waislamu asilimia 6.5.

Utaona basi kwamba shemeji na jirani kila mmoja ameshika kipande. Ila hapa pana jambo ambalo watumaji wa tarakimu hulisahau: hizo ni hesabu za wilaya, si za mji. Wilaya hiyo imeunganisha miji miwili. Blackburn ndio mkubwa, uko bondeni. Darwen ni mdogo, uko kusini yake kwenye miteremko ya nyika za juu, na wakazi wake wengi ni Waingereza weupe, Wakristo au wasio na dini. Ukiuondoa Darwen, fungu la Waislamu katika Blackburn yenyewe linapanda kupita hiyo asilimia 35. Tena hata ndani ya mji hakuna mtaa unaofanana na wastani huo. Bastwell, Audley na Shear Brow ni mitaa ambayo Waislamu ni wengi mno; ukienda Mill Hill, Shadsworth au Ewood utakuta hali ni kinyume chake. Mtu akikuambia mji ni theluthi moja hivi na theluthi moja vile, mwambie amekupa wastani wa chumvi na sukari.

Jambo la pili ni swali lenyewe lilivyoulizwa. Karatasi ya sensa ya England inauliza tu, "Dini yako ni ipi?", na ni swali la hiari. Kisanduku cha kwanza kabisa kwenye orodha ni cha asiye na dini. Kisanduku cha Wakristo ni kimoja kwa wote, Mwanglikana, Mkatoliki, Mmethodisti na Mpentekoste, kwa hiyo sensa haiwezi kukuambia Wakatoliki wa Blackburn ni wangapi. Wala haikuuliza nani anaswali na nani anakwenda kanisani. Mzee aliyebatizwa mwaka 1940 na hajaingia kanisani tangu arusi yake amehesabiwa sawa na mama anayesali rozari kila siku. Wasomaji wetu wa Tanzania, ambako swali la dini halijaulizwa katika sensa tangu mwaka 1967, huenda wakaona Waingereza wana ujasiri. Lakini ujasiri wa kuuliza haufanyi jibu liwe na maana zaidi ya swali.

Na adhana, mama? Misikiti mingi ya Uingereza huadhini ndani tu. Lakini binti akipanga chumba kwa familia ya Kiislamu, asishtuke akisikia sauti ya muadhini ikitokea juu ya kabati la jikoni: nyumba nyingi huweka kijiredio kidogo kinachopokea matangazo ya msikiti wa jirani, adhana, hotuba na hata tanzia.

Bwana Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa na duka la nguo na kila mara alitaja Lancashire. Sasa nasikia kwamba Wahindi wa Blackburn wengine wametoka huku kwetu Afrika Mashariki. Je, kuna ukweli, na ilikuwaje wakafika huko badala ya London? — Mfanyabiashara wa vitenge, Kariakoo, Dar es Salaam

Ndugu yangu, swali lako ndilo lingepaswa kuwa la kwanza, kwa sababu ramani ya dini ya mji ule haikuchorwa na wahubiri. Ilichorwa na pamba.

Kilomita chache kutoka katikati ya Blackburn kuna kijiji kiitwacho Stanhill, na hapo aliishi mfumaji James Hargreaves, ambaye katika miaka ya 1760 alibuni mashine ya kusokota nyuzi nyingi kwa pamoja. Katika karne ya 19 miji ya kusini zaidi, kama Bolton na Oldham, ilishikilia kusokota, na Blackburn ikashikilia kufuma. Haikufuma kwa ajili ya Waingereza tu. Bidhaa yake kubwa ilikuwa kitambaa cha dhoti kwa ajili ya India, mamilioni ya yadi kila mwaka, kwa bei ambayo mfumaji wa mkono wa Kihindi hakuweza kushindana nayo.

Hapa natoka kidogo nje ya njia, lakini mfanyabiashara wa nguo atanisamehe. Sisi Waswahili tuna neno bafta, kile kitambaa cheupe chepesi. Katika maandishi ya biashara ya Bahari ya Hindi ya karne ya 17, bafta zilizosifiwa zaidi zilikuwa za Bharuch, mji wa Gujarat, magharibi mwa India. Basi Bharuch ni miongoni mwa mahali ambapo nguo za mashine za Lancashire ziliwavunja wafumaji. Na Bharuch hiyohiyo, pamoja na jirani yake Surat, ndiyo asili ya sehemu kubwa ya Waislamu wa Blackburn wa leo. Babu yako alipotaja Lancashire huenda alikuwa na maana ya nguo zilizoingia pwani yetu baada ya merikani ya Massachusetts kuadimika wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861. Vita hivyo viliitia Blackburn yenyewe njaa, kwa kuwa pamba mbichi ilitoka kwenye mashamba ya watumwa ya Marekani Kusini. Woga wa kuitegemea Marekani ulikuwa mojawapo ya sababu zilizowafanya Waingereza waanze kuhimiza kilimo cha pamba Uganda mwanzoni mwa karne ya 20.

Vita Kuu ya Kwanza ikaziba soko la India, kisha India ikaanza kufuma yake na kususia ya Mwingereza. Septemba 1931 Gandhi, akiwa Uingereza kwa mazungumzo, alikwenda mwenyewe kukaa Darwen ili awaone wafanyakazi waliopoteza ajira kwa ajili ya mgomo wake wa nguo. Ipo picha inayojulikana sana: yeye na shuka lake jeupe, amezungukwa na wanawake wa kiwandani wanaomshangilia. Wanahistoria wameitafsiri picha ile kwa namna nyingi. Mimi huwa najiuliza tu kama shuka lile lilipimwa kwa macho na wale mafundi wa nguo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vilivyobaki vilinunua mitambo mipya ya bei kubwa, ambayo haikulipa gharama yake ila ikizunguka usiku na mchana. Sheria iliwakataza wanawake kufanya kazi ya kiwandani usiku, na wanaume wenyeji walikuwa wamepata kazi bora kwingine. Zamu ya usiku ikahitaji watu. Ndipo, kuanzia miaka ya 1950 na zaidi miaka ya 1960, walipokuja vijana kutoka Gujarat na kutoka Punjab ya Pakistan, wengi wakiwa peke yao, wakilala kwa zamu katika nyumba moja, kitanda cha huyu kikipoa kwa dakika chache tu kabla ya yule kurudi. Walitumaini kuchuma na kurudi kwao. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1962 ikawafunga njia ya kwenda na kurudi, hivyo wakaita wake na watoto. Walipofika watoto, ikahitajika madrasa. Na palipo na madrasa, msikiti hauko mbali.

Sasa watu wa kwetu. Ni kweli, wamo. Wagujarati waliokuwa wamekwisha kuhamia Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na Malawi walianza kuondoka baada ya uhuru, hasa Kenya ilipobana leseni za biashara kwa wasio raia mwaka 1967 na Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 mwaka 1972. Wapatao 28,000 waliingia Uingereza kutoka Uganda pekee. Wengi walikwenda Leicester na London, lakini wengine walifuata ndugu waliokwisha kutangulia viwandani Lancashire. Waislamu kati yao wengine waliishia Blackburn. Wahindu walipendelea zaidi Bolton na Preston, ambako wana mahekalu makubwa, ndiyo maana Wahindu wa Blackburn hawafiki hata asilimia moja. Ukitaka kuwatambua wenye asili ya huku, sikiliza chakula chao: kote Uingereza Mgujarati wa Afrika Mashariki huita muhogo "mogo", na ukimrekebisha atakuambia bibi yake wa Kampala alisema hivyohivyo.

Viwanda navyo vilifungwa kimoja baada ya kingine katika miaka ya 1970 na 1980. Pamba ikaondoka, watu walioitwa kwa ajili yake wakabaki. Nyumba zile za wafumaji bado zipo, zimepangana mstari mmoja, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na bei zake za chini ndizo zilizoamua nani anakaa wapi kwa muda mrefu baada ya king'ora cha kiwanda kunyamaza.

Mhariri, mimi ni Mkatoliki na mwanakwaya. Kaka yangu aliyesoma kaskazini mwa Uingereza ananiambia Lancashire ni nchi ya Wakatoliki. Mbona basi kila mahali tunasoma kwamba makanisa ni matupu? — Mwanakwaya, Moshi

Kaka yako hajakosea. Wafalme wa karne ya 16 walipoitenga Uingereza na Papa, Lancashire ilikuwa mojawapo ya sehemu ambazo watu, hasa familia za wenye mashamba, walikataa kuacha dini ya zamani, wakasali mafichoni na kulipa faini. Katika karne ya 19 wakaongezeka Waireland waliokimbia njaa ya miaka ya 1840 na kuingia viwandani. Juu yao walikuwako Waanglikana, ambao kanisa lao ndilo la dola, na Wamethodisti na madhehebu mengine madogo, waliojenga kila mtaa kanisa na shule ya Jumapili. Hao wa mwisho walipiga vita pombe kwa bidii kubwa. Kiapo mashuhuri cha kutoonja kileo kabisa kilitiwa saini Preston mwaka 1832 na Joseph Livesey na wenzake.

Kanisa la Mtakatifu Maria la Blackburn lilijengwa upya kati ya 1820 na 1826. Mwaka 1926 likafanywa kanisa kuu, dayosisi mpya ilipomegwa kutoka Manchester. Angalia mwaka huo: wenyeji walipata askofu wao katika muongo uleule ambao soko la nguo zao lilikuwa likiporomoka.

Kuhusu utupu, nadhani tunalitazama jambo hili vibaya tunaposema kwamba Waingereza wameacha dini kwa sababu ya raha. Huko Blackburn kanisa halikuwa mahali pa ibada ya Jumapili tu. Lilikuwa timu ya kriketi, bendi, mfuko wa kuzikana, mahali pa kupata mchumba. Kiwanda kilipofungwa na vijana wakaondoka, hayo yote yalikufa pamoja, na ibada peke yake haikutosha kuwarudisha. Waliobaki wakaendelea kujiita Wakristo kwa mazoea. Watoto wao wakaona hakuna haja ya kujiita chochote. Ndiyo habari iliyo nyuma ya kisanduku kile cha kwanza cha sensa.

Lakini katika parokia nyingi za Kikatoliki za Uingereza ya leo utakuta wauguzi wa Kerala na wa Ufilipino, Wapoland waliokuja baada ya mwaka 2004, na Waafrika. Mwanakwaya mwenye sauti ya pili iliyonyooka hatafukuzwa.

Maalim Mhariri, nimesoma kwamba Waislamu wa huko ni Wahanafi. Je, kijana wa Kishafii kutoka visiwani atapata taabu? Na ni kweli kwamba wanakula Idd siku mbili? — Mwanafunzi wa chuo, Zanzibar

Taabu hatapata, mshangao atapata. Cha kwanza ni Alasiri. Kwa Washafii wakati wake huingia kivuli cha kitu kinapolingana nacho; kwa Wahanafi wengi, kinapofika mara mbili yake. Katika majira ya joto tofauti hiyo hupita saa nzima, na mgeni anayefika msikitini kwa hesabu za Unguja huukuta mtupu. Mwandishi wa safu hii aliwahi kukaa peke yake kwenye zulia hivyo, akadhani amekosea siku.

Cha pili ni jua lenyewe. Mwezi Juni linazama karibu saa 3:45 usiku na kuchomoza kabla ya saa 11 alfajiri, na weupe wa machweo hauondoki kabisa usiku kucha, kwa hiyo dalili ya kuingia Isha haionekani. Misikiti hukubaliana ratiba ya makadirio, na si yote hukubaliana moja. Ramadhani ikiangukia Juni, funga hupita saa 18. Desemba nayo hulipa deni: Magharibi huingia kabla ya saa 10 jioni.

Cha tatu ni mwezi. Wapo wanaofuata tangazo la Saudi Arabia na wapo wanaotaka mwezi uonekane karibu zaidi au katika nchi kama Morocco, hivyo mtaa mmoja huweza kula Idd Jumatatu na mwingine Jumanne. Hilo kwetu si geni, na sidhani Mzanzibari anahitaji kufundishwa.

Kuna mgawanyiko mwingine ambao mgeni haoni mara moja. Wagujarati wengi hufuata mkondo wa Deoband, ulioitwa kwa jina la chuo cha India, na Jumuiya ya Tabligh ina nguvu kwao. Wapakistani wengi ni Barelwi, mkondo mwingine wa Kihanafi. Hawa wa pili husoma maulidi kwa shangwe, wale wa kwanza huyaepuka. Mzanzibari aliyekulia na Maulidi ya Barzanji atajikuta nyumbani zaidi kwa Wapunjabi, ingawa mchuzi wa Wagujarati ndio ulio karibu na wa mama yake. Na kwa faida ya Mama wa Watatu wa Kisauni, niongeze: misikiti mingi ya Kigujarati haina nafasi ya wanawake, jambo linalojadiliwa sana na Waislamu vijana wa huko. Hospitali za umma, hata hivyo, huwa na vyumba vya sala, makasisi, na siku hizi maimamu walioajiriwa kwa ajili ya wagonjwa.

Ndugu Mhariri, swali langu ni moja. Wanaelewana? — Mwalimu mstaafu, Nakuru

Mwalimu, umeuliza kwa maneno machache jambo ambalo serikali ya Uingereza imelichunguza kwa kurasa nyingi. Mwaka 2001 vijana wa Kiasia, vijana weupe na polisi walipambana katika Oldham, Burnley na Bradford. Burnley ni jirani wa karibu wa Blackburn, lakini Blackburn haikuungua. Ripoti iliyotolewa Desemba mwaka huo ilisema watu wa miji ya kaskazini wanaishi maisha sambamba yasiyogusana: shule mbali, kazi mbali, ibada mbali. Maneno hayo yaliihusu Blackburn kama yalivyohusu iliyoungua, na bado yana ukweli mwingi.

Chanzo chake, kwa maoni yangu, ni kile tulichomweleza mfanyabiashara wa Kariakoo. Waliofanya kazi usiku hawakukutana na waliofanya kazi mchana. Baada ya viwanda kufungwa, mahali pekee ambapo wangeweza kukutana palitoweka, na umaskini ukabaki kwa wote wawili. Wilaya hiyo kila mara huwa miongoni mwa zenye dhiki zaidi England. Dini inalaumiwa kwa utengano ambao kwa sehemu kubwa ulipangwa na ratiba ya zamu na bei ya nyumba. Sisemi dini haina sehemu yake. Mwaka 2006 mbunge wa mji, Jack Straw, aliandika katika gazeti la huko kwamba huwaomba wanawake wanaofika ofisini kwake wafikirie kufunua nikabu, na nchi nzima ikazozana kwa majuma mengi. Mwaka 2024 mgombea huru, Adnan Hussain, alikichukua kiti hicho kilichokuwa cha chama cha Labour tangu 1955, kwa tofauti ya kura 132 tu, na vita vya Gaza vilikuwa na uzito mkubwa katika kampeni yake.

Shule zinaonyesha picha iliyochanganyika. Serikali ya Uingereza hugharimia shule za dini, za Waanglikana na Wakatoliki tangu zamani, na za Waislamu katika miaka ya karibuni. Shule ya wasichana ya Tauheedul, iliyoanza Blackburn mwaka 1984 kama shule binafsi ya Kiislamu na baadaye kuingia katika mfumo wa umma, imekuwa mara kadhaa miongoni mwa zinazofaulisha zaidi nchini. Wapo wanaoona fahari na wapo wanaoona ukuta mwingine. Wakati huohuo Lancashire ina shule za msingi za Kanisa la Uingereza ambazo wanafunzi wake walio wengi ni Waislamu, na wazazi wao wamezichagua kwa hiari, wakisema ni heri shule inayomtaja Mungu kuliko isiyomtaja. Mwalimu aliyewahi kufundisha shule ya misheni pwani atalielewa hilo bila maelezo.

Zipo pia juhudi ambazo hazipati vichwa vya habari. Mwaka 2007 kanisa kuu lilimwajiri mwanamke wa Kiislamu kusimamia mazungumzo kati ya dini mbili, jambo ambalo makanisa makuu ya Kianglikana hayakuwa na desturi nalo. Tarehe 2 Mei 2022 klabu ya Blackburn Rovers, iliyoanzishwa mwaka 1875, iliruhusu sala ya Idd kwenye nyasi za uwanja wake wa Ewood Park, ya kwanza ya aina yake kwa klabu ya Uingereza. Uwanja huo uko katika mtaa wa watu weupe. Waumini walipita kwenye malango yaleyale ya mashabiki, wakatandika mazulia yao mbele ya magoli. Wanaelewana, mwalimu? Wanavumiliana vizuri, wanajuana kidogo.

Kaka Mhariri, si la kupendeza kuuliza, lakini sisi tulio ughaibuni huliwaza. Mtu wetu akifariki huko, anazikwa wapi? — Mkazi wa Muscat

Si vibaya kuuliza. Makaburi makuu ya umma ya Blackburn yako Pleasington, magharibi mwa mji, na yana sehemu za Wakristo na sehemu ya Waislamu inayoelekezwa kibla. Waislamu wengi wa Blackburn huzikwa huko, na misikiti ina kamati zinazoshughulikia kuosha na sanda. Kinachoweza kuchelewesha ni karatasi: kifo husajiliwa kwanza, na kikiwa cha ghafla au hakijulikani sababu, afisa wa uchunguzi lazima aridhike. Familia isiyo na mtu mjini iulize msikiti wowote ulio karibu na hospitali, na taarifa za maziko zitatangazwa kupitia kile kijiredio cha juu ya kabati.